Neno la Kuombea Ruhusa

Chupa ya maji ilirudi imejaa. Fundi Koki aliinyanyua mezani, akaitikisa, akaigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta panapovuja, kisha akamtazama binti yake aliyejikunja kwenye mkeka, sare ya shule bado iko mwilini.

"Leo pia hukunywa?"

"Sikusikia kiu, baba."

"Kutwa nzima, na jua lote hili?"

"Sikusikia," mtoto akasema, akageukia ukutani.

Huyu ndiye Chiriku, na jina hilo hakupewa bure. Tangu alipojua kutamka alikuwa anaongea kuanzia anapofumbua macho hadi anapoyafumba. Aliongea na sufuria, aliongea na viatu, aliwapigisha soga wateja wa baba yake pale mlangoni mpaka wakasahau ni bomba gani limepasuka. Ni kweli yapo maneno yaliyomkwama. Akifika kwenye neno fulani alisita, kope zikapepesa, halafu huyo, keshachepuka na kutokea upande wa pili na neno jingine lenye maana ileile, na hadithi inaendelea. Taa kwake ilikuwa "ile ya kuwashia". Mama yake alisema hizo ni mbwembwe za utoto. Baba yake hakusema kitu, na alikuwa na sababu zake.

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Fundi Koki, na wote walidhani kalipata kwa sababu ya kazi. Ukweli ni kwamba jina alilopewa na wazazi wake linaanza na T, na herufi hiyo ilimkaa kooni tangu akiwa mdogo kuliko Chiriku. Kila alipoulizwa jina alishikwa na kigugumizi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Basi siku mteja mmoja alipomwita Fundi Koki aliitika haraka haraka, na lile la kwanza hajalitafuta tena. Ameishi kwa chenga miaka yote hiyo. Hasemi "tano", anaonyesha vidole. Hasemi "tangi", anasema "lile pipa la juu", na fundi wa mabomba asiyeweza kusema tangi ana kazi kweli kweli. Mkewe alilijua jambo hilo, na kwa kumsitiri hakuwahi kulitaja. Mtoto hakulijua kabisa. Yeye alidhani baba yake ni mtu wa maneno ya kuzunguka tu, kama walivyo watu wazima wengi.

Sasa shule. Shule ile ilikuwa fahari ya nyumba. Mama Chiriku, ambaye kazi yake ni kufungasha mikate kiwandani, alihangaika huku na kule mpaka mtoto akapata nafasi, kwa maana watoto wa pale hata wakipiga chafya wanapiga kwa Kiingereza. Ukivuka geti, Kiswahili unakiacha nje. Hata mzazi akiingia darasani anatakiwa aongee Kiingereza, awe anakijua au anakibabaisha. Na darasa la kwanza walikuwa na utaratibu wao: mtoto aliyebanwa anasimama, wenzake wote wananyamaza, anatamka sentensi nzima kwa sauti, "May I go to the toilet," ndipo anaruhusiwa kutoka. Asipoisema yote, anasubiriwa mpaka aiseme. Madam, mwalimu wao, alikuwa binti mpole mwenye sauti ya taratibu, hana fimbo wala maneno makali. "Mtoto anaweza kusahau vyote nilivyomfundisha," aliwaambia wazazi kwenye kikao, "lakini akibanwa, Kiingereza si atakikumbuka mwenyewe?" Wazazi wakacheka. Fundi Koki naye alicheka, siku hiyo.

Homa ilianza kidogo kidogo, halafu ikapanda kwa fujo. Mtoto akawa anakwenda chooni anatoka analia, anashika tumbo la chini, hataki kuguswa. Mama Chiriku alikuwa kiwandani, kwa hiyo baba ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati, roho mkononi. Daktari alimpima, akasoma majibu, akavua miwani.

"Huyu anabana mkojo," akasema. "Na maji hanywi. Kibofu kimeshaingiwa na maambukizi. Yakipanda kwenye figo, baba, tutakuwa tunazungumza mengine kabisa."

Alimwandikia dawa ya maji, asubuhi, mchana na jioni, ile ya mchana aipate akiwa palepale shuleni. Akasisitiza anywe maji mengi sana. "Na asibane tena. Akisikia tu, aende. Sitaki kusikia kuna mahali ameambiwa asubiri. Umenielewa?"

Fundi Koki alielewa, ila asichoelewa ni kwa nini mtoto mwenye akili zake abane mkojo. Alimkalisha kwenye benchi la nje, akachuchumaa mbele yake.

"Nani anakuzuia?"

"Hakuna."

"Chiriku."

Mtoto alitazama vidole vyake vya miguu. Kisha akanyoosha kidole kuelekea mlango wa choo cha zahanati, ule wenye picha ya mwanamke na mwanamume.

"Jina lake," akasema. "Lile la Kiingereza. Halikubali."

"Halikubali vipi?"

"Hapa kwetu nasema uani. Au nasema msalani. Au nasema nimebanwa. Lolote linalokubali. Kule lipo moja, baba. Lipo moja peke yake." Machozi yakaanza kumlenga. "Nalijua. Maana yake naijua, hata kuliandika najua. Nikisimama, wakinyamaza, linakaa hapa." Akajishika koo. "Madam anasema hatuna haraka. Wananiangalia wote. Siku moja mkojo ukamwagika nimesimama. Sasa wananiita Bomba Bovu. Nikaona bora nisinywe."

Kitu kilimkata Fundi Koki ndani ya kifua. Bomba Bovu! Mtoto wa fundi bomba! Alitaka kumwambia: mwanangu, hilo jiwe lililo kooni mwako ni langu, mimi ndiye niliyekupa. Maneno yote hayo angeweza kuyasema, hakuna hata moja ambalo lingemkwama. Hakuyasema. Aliona haya. Mwanamume mzima, mwenye ndevu, aliona haya mbele ya mtoto wa darasa la kwanza, na akajichukia kwa kuona haya, lakini bado hakuyasema. Alimpandisha mgongoni wakarudi nyumbani.

Jioni mkewe aliporudi, akasimuliwa yote huku wakiosha vyombo. Mama Chiriku aliuacha mwiko ndani ya beseni.

"Nenda kamwambie mwalimu."

"Nimwambieje?"

"Mwambie mtoto ana kigugumizi. Basi. Kuna cha kujifikiria hapo?"

"Wakisikia hivyo watamwona ana kasoro. Si unajua shule ile, mama Chiriku, watamweka pembeni."

"Sasa hivi wamemweka katikati, wanamwangalia akijikojolea. Kipi afadhali?" Akamgeukia mumewe. "Baba Chiriku, wewe unaogopa nini hasa?"

Fundi Koki aliendelea kusugua sahani iliyokwisha takata. "Niachie mimi," akasema. "Kesho naenda kumaliza kazi kwa yule bibi karani. Anakijua Kiingereza nje ndani. Nitapata njia."

Njia aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ni ileile moja aliyoijua maisha yake yote. Angemfundisha mwanawe chenga.

Bibi karani alikuwa mwanamke mstaafu aliyemaliza ujana wake akipiga taipu ofisini kwa mabosi wa kila rangi. Choo chake kilikuwa hakivuti, maji yanajaa yanamwagika, na Fundi Koki alikuwa ameingiza mkono ndani ya tangi lake hadi kwenye kiwiko akibadilisha boya. Bibi mwenyewe alikaa mlangoni kwenye kigoda kumsimamia, maana hakumwamini fundi yeyote aliye peke yake.

"Bibi," Fundi Koki akaanza, "hiki chumba Waingereza wanakiitaje?"

"Si toileti."

"Zaidi ya hapo."

Bibi alicheka mpaka kigoda kikalia. "Umekuja kutengeneza vyoo au kusoma? Basi sikiliza. Kuna wanaosema woshrumu, yaani chumba cha kunawia, na wala si kunawa kilichompeleka. Kuna wanaosema restirumu, chumba cha kupumzikia. Kupumzikia humo, fundi? Kuna bathirumu. Bosi wangu mmoja alifika nyumbani kwa mtu akaulizia bathirumu, mwenye nyumba naye hakufanya ajizi, akampa taulo, sabuni na ndoo ya maji moto. Mzungu wa watu kasimama bafuni na ndoo yake, miguu haitulii, na kusema hawezi."

"Kwa nini hawasemi choo, basi?"

"Kwa nini wewe unasema msalani? Hilo toileti lenyewe lilianza likiwa kitambaa, kitambaa cha kutandika meza ya kujipambia. Waliona aibu kutaja shimo, wakalifunika kitambaa. Kitambaa nacho kikaanza kunuka, wakakimbilia woshrumu. Na hilo nalo litanuka tu."

"Kumbe na wao wanakwepa," Fundi Koki akasema taratibu.

"Fundi, nani asiyekwepa?" bibi akajibu. "Haya, funga boya hilo."

Alirudi nyumbani anakaribia kukimbia. Woshrumu! Neno laini, linaanza na midomo tu, ulimi haugusi popote, koo haliambiwi kitu. Alimkalisha Chiriku kitandani, akamweleza kwamba Kiingereza nacho kina uani yake na msalani yake, hakuna mtu aliyemwambia tu. Mtoto akalijaribu. Likateleza. Akalijaribu amesimama, likateleza. Mama yake akajifanya Madam, baba yake akajifanya darasa zima, akanyamaza na kukodoa macho, na Chiriku akaisema sentensi yote kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kupepesa kope. Akacheka. Akaanza kuongea, akaongea mpaka wakamwomba apumzike, akanywa kikombe cha maji chote na kuomba kingine.

"Kesho maji yako ya shule umalize yote," baba yake akamwambia.

"Na likikataa?"

"Halikatai."

"Kweli, baba?"

"Kweli kabisa." Alisema hivyo kwa kinywa chake, akiamini.

Mama Chiriku alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake haukufurahi kama wao.

Mchana wa siku iliyofuata Fundi Koki aliuacha mfuko wake wa spana kwa mlinzi wa geti, akaingia na kichupa cha dawa mkononi. Uwanja ulikuwa mtupu. Vyoo vya watoto vilikuwa ng'ambo ya uwanja, karibu na ukuta, milango ya bluu. Alipofika kwenye dirisha la darasa la kwanza alisikia sauti anayoijua, akasimama kando ya nondo kusikiliza.

"May I go to the washroom, Madam."

Limetoka zima! Halina hata mkwaruzo! Nusura apige makofi palepale nje.

Madam alitabasamu. Alimsifu kwa Kiingereza chake cha taratibu, akasema amefurahi sana kusikia sauti yake leo, kisha akauliza darasa: neno letu sisi ni lipi? Darasa likaimba kwa pamoja: "Toi-let!" Vizuri, Madam akasema. Basi Chiriku aanze tena, sasa kwa neno la darasa. Ameshathubutu, hatua ndogo tu imebaki. Hatuna haraka. Akaweka kidole mdomoni, na watoto wote wakawa kimya kama maji mtungini.

Chiriku alikuwa amesimama katikati ya madawati. Alikuwa ameyanywa maji yote aliyoambiwa anywe, chupa yake tupu ilikuwa imelala juu ya dawati. Alianza sentensi, akafika kwenye lile neno, akakwama. Shingo ilimsimama. Kope zikaanza. Alikunja mguu mmoja juu ya mwingine, akalikamata gauni kwa mbele kwa mikono yote miwili, akalifinyanga. Mvulana mmoja nyuma alianza kutoa mlio wa maji yanayochuruzika, sss, na Madam akamtazama akaacha. Madam hakuwa mbaya. Hilo ndilo lililomtia uchungu Fundi Koki. Alikuwa anamsubiri mtoto kwa upendo wote, na kwa upendo huohuo alikuwa anamuua.

Ndipo Chiriku alipogeuza uso akamwona baba yake dirishani. Macho yale hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanamuuliza tu. Baba alimwambia halikatai, na sasa limekataa.

Fundi Koki hakumbuki alivyoufikia mlango. Alijikuta ndani, kichupa cha dawa amekibana mkononi. Madam akamgeukia kwa adabu.

"Karibu, mzazi," akasema kwa Kiingereza, akawatazama watoto akitabasamu, akaongeza kwamba mgeni wetu pia atatuambia shida yake kwa Kiingereza, si ndiyo? Watoto wakaitikia ndiyo.

Angeweza kumbeba mtoto akatoka naye. Aliliwaza hilo, mikono ikamwasha kulifanya. Lakini kesho je? Kesho neno litakuwa bado lipo hapa, limemkalia mtoto kwenye dawati lake, na yeye atakuwa chini ya sinki la mtu upande wa pili wa mji. Angeweza pia kusema woshrumu. Lilikuwepo mdomoni, tayari kabisa, laini. Alimtazama Chiriku, mikono yake kwenye gauni, magoti ameyabana. Akapiga moyo konde.

"May my child," akasema, "go to the t—"

Koo likafunga. Alijua lingefunga. Shingo ikajaa, mishipa ikatoka, kichwa kikaanza kuruka kidogo kidogo kwa upande kama kilivyokuwa kikiruka alipokuwa mvulana, na mdomo wake ukabaki wazi ukirudia herufi ileile, t, t, t, bila kufika popote. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Madam alishtuka, uso ukambadilika, akanyanyua kidole mdomoni kwa mazoea, na watoto wakanyamaza. Hakukuwa na lingine la kufanya. Katika darasa lile mtu akikwama anasubiriwa.

Chiriku alikuwa amemkodolea macho. Kope zake ziliacha kupepesa. Alikuwa anamtazama baba yake shingoni, mahali palepale alipojishika siku ile zahanati, na Fundi Koki aliona jinsi jambo lilivyomwingia mtoto taratibu, likamjaa uso mzima. Aibu ilimchoma mpaka machozi yakamtoka. Hata hivyo hakuyafuta wala hakuinamisha kichwa. Aliendelea kugonga t, t, t, na kwa kidevu chake akamwonyesha mtoto mlango.

Chiriku akatoka. Hakuomba. Alipita katikati ya madawati, akapita mbele ya Madam, akapita ubavuni mwa baba yake, na alipofika kizingitini akatimua mbio. Madam alifungua mdomo kumwita, lakini mzazi alikuwa bado yuko katikati ya sentensi, amemkazia macho, na haiwezekani kumkatiza mtu mzima aliye katikati ya sentensi yake. Akaufunga mdomo. Akasubiri.

Nje, miguu midogo ilivuka uwanja. Mlango wa choo ukabamizwa.

Hapo Fundi Koki akahisi koo linalegea. Neno lilikuwa limeshafunguka, limekaa kwenye ncha ya ulimi, angelitema wakati wowote, kwa mara ya kwanza katika maisha yake lilikuwa limekubali. Hakulitoa. Aliendelea na herufi yake, t, t, t, kwa sauti, mbele ya darasa zima lililonyamaza, kama mtu asiye na haraka yoyote duniani, huku sikio lake liko ng'ambo ya uwanja. Akasikia maji yakivutwa. Akasikia mlango. Akasikia miguu ikirudi, safari hii inatembea.

Ndipo akalimalizia neno, akamshukuru Madam kwa kumsubiri.